Huna Mia Nikupe Jero?

Abiria anatoa noti ya elfu moja. Nauli ya safari fupi ya daladala jijini Dar es Salaam ni 600. Konda anaipokea, anaikunja kwa urefu na kuichomeka katikati ya vidole pamoja na nyingine, anachungulia sarafu kiganjani, kisha anauliza: "Huna mia nikupe jero?"

Swali la maneno manne, na hesabu nzima imo ndani yake. Bila ile mia, konda anatakiwa kurudisha 400, yaani sarafu mbili za 200. Akiipata, anarudisha sarafu moja tu ya 500, ndiyo jero. Ameokoa mbili zinazotafutwa kwa tochi, na juu yake amepata mia ya kumrudishia mtu wa siti ya nyuma. Anafanya hivyo siku nzima, gari likiyumba, mkono mmoja umeshika bomba la mlangoni.

Naanzia hapo kwa sababu kuna lalamiko lililozoeleka, hasa kwa watu waliovuka miaka 50: vijana wanaokaa kaunta siku hizi hawajui hesabu, hawasalimii, na ukiwaongezea hela ya kukamilishia wanakukodolea macho. Ukweli upo kidogo, ila lawama inamwangukia mtu asiye na kosa. Nionavyo, keshia wa zamani na wa sasa hawatofautiani kwa akili wala malezi. Wanatofautiana katika jambo moja: chenji ikikosewa, hasara inamwangukia nani. Ukishajua droo ni ya nani, utaelewa kwa nini mmoja anakusamehe hamsini huku akikuulizia hali ya mgonjwa wako, na mwingine anakupa pipi bila kuinua uso.

Tuanze na chuma chenyewe. Sarafu zinazopita mikononi mwa watu Tanzania leo ni nne: 50, 100, 200 na 500. Ya 10 na ya 20 zimebaki kwenye makopo ya watoto na droo za makabati. Hamsini ina pembe saba, kwa hiyo konda wa usiku anaitambua kwa kidole bila taa. Mia na mia mbili zote ni za rangi ya njano. Ya 500 ni nyeupe, iliingia mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti ya 500, ambayo ilikuwa inapita mikono mingi mno na kuchakaa upesi.

Wenye maduka wengi wanajua kuwa chenji inakwisha, lakini hawajakaa chini kuhesabu ni ipi inayotangulia kwisha. Chukua marejesho yaliyo chini ya mia tano: mia moja, mia mbili, mia tatu, mia nne. Mia moja inakula sarafu moja ya 100. Mia mbili inakula moja ya 200. Mia tatu inakula moja ya 200 na moja ya 100. Mia nne inakula mbili za 200. Jumlisha: kwa wateja wanne wa namna hiyo zimetoka sarafu nne za 200 na mbili tu za 100. Kuanzia 500 hadi 900 ni mchezo uleule, ila jero imetangulia. Kwenye maelfu vivyo hivyo: noti ya elfu mbili inatoka mara mbili ya ile ya elfu moja. Hata hivyo ukimkuta mwenye duka anaomba chenji benki au kwa jirani, atasema "nitafutie mia mia". Saa nne asubuhi mia mbili zimekwisha, sasa kila anayedai mia nne anachukua sarafu nne za mia, na kabla ya adhuhuri mia nazo zimekwisha. Lawama zinaenda kwa wateja wenye noti kubwa.

Duka dogo la mtaani linaloanza siku na mia mia 20, mia mbili 40, jero 20, hamsini 10, noti kumi za elfu moja na kumi na tano za elfu mbili limeweka mezani 60,500. Kiasi hicho kinavuka asubuhi bila kumpa mteja pipi badala ya chenji. Anayeona ni nyingi apunguze yote kwa nusu, lakini uwiano asiuguse. Noti za elfu tano asihangaike nazo, zitaletwa na wateja wenyewe.

Bei nayo inatengeneza au inaua chenji, na hapa daladala ni mfano mzuri kuliko duka. Nauli ya kilomita kumi za mwanzo ilipokuwa 500, konda hakuwa na shida. Mwenye jero ametoa sawasawa. Mwenye buku, yaani elfu moja, anarudishiwa jero. Wenye buku wawili waliokaa pamoja walipewa noti moja ya elfu: "Buku yenu hiyo, mgawane." Watu wasiojuana walishuka kituoni wakaenda pamoja kwa muuza maji kuichenji, wakaagana. Mwishoni mwa 2023 nauli ikapanda hadi 600, na desturi ile ikafa kimyakimya. Sasa ili abiria wenye buku wagawane noti kamili, inabidi wawe watano na wagawane elfu mbili. Nani atawakusanya watu watano mlangoni pa gari? Hapo ndipo swali la mia na jero lilipopata nguvu, na biashara ya vijana wanaowauzia makonda sarafu vituoni kwa kukata kidogo ikapata wateja wa uhakika. Waliopanga nauli walikuwa wanaangalia bei ya mafuta na vipuri. Sarafu ya mia mbili haikuwa mezani, nami siwalaumu sana, ila iliyobeba mzigo ni yenyewe.

Sasa twende kaunta.

Wauzaji waliojifunza kazi kabla ya mashine, wale wa maduka ya ushirika na maduka ya familia, hawatoi. Wanajumlisha. Mteja amenunua vitu vya 7,350 akatoa 10,000. Mzee wa duka hahangaiki kutafuta 2,650. Anasimama kwenye bei na kupanda nayo: anaweka hamsini juu ya meza, "saba na mia nne", anaweka mia, "saba na mia tano", anaweka jero, "nane", anaweka noti ya elfu mbili, "na kumi yako hiyo." Ukimuuliza amekurudishia shilingi ngapi, huenda asijue. Anachojua ni kwamba bidhaa na chenji kwa pamoja vimefika elfu kumi. Uzuri wa njia hii ni kwamba mteja anahesabu pamoja naye, kwa sauti, hatua kwa hatua, hata kama hajawahi kushika kalamu. Ubaya wake ni mmoja: ukisahau ulipewa noti gani, utapanda hadi kumi wakati mteja alitoa elfu tano. Ndiyo maana wauzaji wa zamani hawaitumbukizi noti ya mteja kwenye droo mpaka chenji iishe kutoka. Inakaa mezani, imekandamizwa na jiwe la mizani au kikokotoo, wote wawili wanaiona.

Keshia wa mashine anafanya kinyume. Skrini inamwambia 2,650 na yeye anachota kuanzia kubwa kwenda ndogo: elfu mbili, jero, mia, hamsini. Ni haraka, na ukipiga tarakimu sawa haikosei. Makosa yake ni ya aina nyingine. Anasoma 2,650 kama 2,560. Noti mpya mbili zinagandana. Anapiga 10,000 kwa mazoea wakati mteja katoa 5,000. Na mwisho anakukabidhi kila kitu kwa mkupuo mmoja: risiti chini, noti juu yake, sarafu kileleni, zinateleza na kudondoka kabla hujazihesabu. Sarafu zingetangulia kiganjani, noti zikafuata, mteja angehesabu amesimama palepale na foleni isingekwama akiokota jero chini ya kaunta.

Kisha ndiyo ile hela ya kukamilishia. Umetoa 10,000, keshia ameshaipiga kwenye mashine, droo imefunguka, ndipo unakumbuka una 350 mfukoni. "Shika hii mia tatu hamsini unipe elfu tatu." Kwako wewe ni wema, maana unamwokolea chenji. Kwake yeye ni kengele ya hatari, kwa sababu mbili. Kwanza, skrini inasema 2,650 na yeye anaombwa atoe kiasi ambacho hakipo popote kwenye skrini. Pili, matapeli wa kaunta huanza hivihivi. Wanaongeza hela katikati ya chenji, wanabadili mawazo, wanaomba wachenjiwe elfu tano, wanarudisha mbili, wanauliza "nilikupa ngapi vile?", na ukija kutulia umetoa elfu tano bure. Keshia mwenye uzoefu wa miezi sita amekwishasikia kisa cha namna hiyo kutoka kwa mwenzake aliyelipia. Anapokukodolea macho, hesabu ameielewa. Anajiuliza kama wewe ni mmoja wao.

Dawa yake iko mkononi mwa mteja. Toa hela zote kwa mara moja kabla hajagusa mashine, na utaje unachotaka: "Hii kumi na mia tatu hamsini, nirudishie elfu tatu." Atapiga 10,350 na mashine itakubaliana nawe. Kwa upande wa keshia kanuni ni fupi: muamala mmoja uishe, droo ifungwe, ndipo umchenjie mtu noti. Mteja mwaminifu atasubiri sekunde kumi. Tapeli ataanza kufoka.

Turudi kwenye swali la hasara, maana ndilo linaloeleza yaliyobaki. Kwa Mangi, kama anavyoitwa Mchaga mwenye duka la mtaani, droo ni yake. Akikosea hamsini, imetoka mfuko wake ikaingia mfuko wa jirani, na kesho itarudi kwenye robo ya sukari. Anaweza kukuambia "unanidai mia" akaiandika kichwani au kwenye daftari la mikopo. Anaweza kukwambia "niletee kesho" ukipungukiwa wewe. Kijana aliyeajiriwa hana droo. Ana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inayotoa ripoti ya siku, na jioni hela iliyomo inalinganishwa na karatasi. Ikipungua, hiyo ni shoti, na shoti ina jina la mtu. Fanya hesabu ya keshia anayehudumia wateja 150 kwa siku na kumsamehe kila wa kumi hamsini moja. Ni 750 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 19,500. Kwa Mangi hiyo ni gharama ya kujenga wateja. Kwa kijana wa kaunta ni nauli ya zaidi ya wiki mbili, kwenda na kurudi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata shoti kwenye mshahara anavyotaka. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kaunta nyingi hazijawahi kuusikia utaratibu huo. Shoti inakatwa siku ya mshahara na mazungumzo yanaishia hapo. Kijana anayekatwa hivyo hawezi kuwa na ukarimu wa Mangi, na kumlinganisha naye ni kumwonea.

Pipi zinaingia kupitia mlango huohuo. Pipi, bigijii, kiberiti: vyote vimehesabiwa kama bidhaa iliyouzwa, kwa hiyo hesabu za jioni zinakubali. Keshia hana shoti, duka limeuza kitu ambacho hukukiomba, tena kwa bei ya rejareja. Mlipaji pekee ni wewe. Jaribu wiki ijayo kulipia maji kwa pipi tano ulizokusanya uone sura ya meneja.

Sasa salamu, ambazo watu wanazitenga na hela kana kwamba ni habari mbili.

Kwenye kaunta zinakutana kanuni mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: mdogo humwamkia mkubwa. Ya pili ni ya biashara: mwenye duka humkaribisha mgeni. Keshia akiwa na miaka 24 na mteja ana 60, kanuni zote zinaelekea upande mmoja na hakuna shida. "Shikamoo mama, karibu." "Marahaba mwanangu." Sekunde tatu, na tayari mama amejua kuwa akisema chenji haijatimia atasikilizwa. Shida inazuka keshia akiwa mama wa miaka 58 na mteja kijana wa 19. Mama atasema "karibu", maana ndiye mwenyeji, kisha atasubiri. Anasubiri shikamoo. Kijana anayesema "mambo" au, vibaya zaidi, "nipe maji", atapewa maji na chenji yake kamili. Hatapewa kingine. Mama hataongeza neno, hatamwambia kuwa mkate wa leo asubuhi ndio huu wa nyuma na wa mbele ni wa jana, na akipungukiwa mia siku nyingine hatasikia "utaniletea".

Neno lenyewe la kuomba lina uzito. Bara na visiwani, mnunuzi husema "naomba" hata kama ana elfu kumi mkononi. Mkenya aliyevuka Namanga akasema "nipe soda" hajakusudia kumtukana mtu, kwao ni lugha ya kawaida ya dukani, lakini muuzaji wa Arusha anaisikia kama amri. Wanaofanya biashara mpakani wameshajifunza kusamehe.

Walio katikati, miaka 35 hadi 45, ndio wanaowatesa makeshia. Ukimwamkia dada wa miaka 38, anaweza kukuuliza kama umemwona mvi. Usipomwamkia wa 44, amedharauliwa. Wajanja wamejikimbizia kwenye "za saa hizi" na "karibu bosi wangu", ambazo hazina umri. "Anko" na "shangazi" zinafanya kazi upande wa vijana, ila zinahitaji sauti sahihi. Zikitamkwa kwa uvivu zinageuka kejeli.

Utani nao una mipaka ambayo wazee wanaijua na watu wa makamo wanajifanya hawaijui. Babu wa kweli, mwenye fimbo, akimwita keshia "mchumba wangu", huo ni utani wa babu na mjukuu na binti atacheka amwambie alete mahari. Mwanaume wa miaka 45 mwenye funguo za gari akisema neno hilohilo hafanyi utani. Anamsumbua mtu ambaye hawezi kuondoka kwenye kiti chake. Utani wa makabila unavumilika zaidi: Mpare anayemwambia Mangi "mia yangu hiyo ndiyo unajengea ghorofa Moshi?" ameidai chenji yake bila kugombana, na Mangi ataitafuta hiyo mia hata ikibidi amtume mtoto kwa jirani.

Angalia pia mazungumzo yanakaa wapi. Muuzaji mkongwe anasalimia kabla ya kugusa hela, akianza kuhesabu ananyamaza au anahesabu kwa sauti, na habari za shamba zinarudi baada ya "hesabu mwenyewe". Vijana wengi hawajafundishwa mpangilio huu. Wanaongea huku wanahesabu, au wanahesabu huku simu imebanwa begani, na makosa mengi ya kaunta yanazaliwa papo hapo. Mteja mchangamfu mwenye maswali wakati keshia amefika "elfu nane na…" anachangia shoti ambayo hatailipa.

Majina ya hela yana vizazi vyake. Buku ni elfu, jero ni mia tano, buku jero ni elfu moja mia tano, msimbazi ni elfu kumi kwa wekundu wake, kama jezi ya Simba, klabu ya soka ya mtaa wa Msimbazi. Mtu aliyekua akitumia sumni, senti 50 ile, anayaelewa haya ingawa hayatamki. Lenye hatari ni lingine: tabia ya kuangusha elfu. Kwenye nguo na simu, "thelathini" ni elfu thelathini na "mia tatu" ni laki tatu. Kwenye nyanya, mia tatu ni mia tatu. Anayetoka genge kuingia duka la simu bila kubadili kichwa anaweza kuona ameangukiwa na bahati. Keshia mwangalifu hutaja elfu kila mara anapoongea na mtu mzima au mgeni, hata kama kwa rika lake angeikata.

Mwaka 2025 ulileta mtihani ambao haukutarajiwa na wengi. Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 na ile ya 500 ya mwaka 2010 zirudishwe benki. Baada ya hapo si fedha halali. Wazee wengi hutunza hela ndani ya nyumba, na noti iliyokaa sandukuni tangu mazishi ya mtu inaweza kutoka wakati wowote. Keshia wa miaka 20 hajawahi kuiona. Ataiita bandia, neno linalomfanya mzee aonekane mhalifu mbele ya foleni. Kauli sahihi ni "mzee, hii ni ya zamani, imeshaondolewa, dukani haipokelewi tena." Uamuzi ni uleule, hakuna anayeaibika. Bandia ya kweli inapimwa kwa vidole na mwanga: maandishi yaliyoinuka ukiyapapasa, picha iliyojificha ndani ya karatasi ukiinua noti juu, na uzi unaopita ndani yake. Fanya hivyo kwa kila elfu kumi inayoingia, si kwa noti za watu uliowashuku sura. Wateja wanaona.

Watu wa kawaida wana njia yao ya zamani ya kuikwepa chenji: hununua kwa hela badala ya kipimo. "Nipimie mafuta ya mia tano." "Nyanya za buku." Kituo cha mafuta hakijawahi kumpa mtu shida ya chenji ingawa bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinabadilika kila mwezi na kuishia na shilingi moja moja zisizo na sarafu, kwa sababu hakuna anayesema "weka lita tatu". Anasema "weka ya elfu kumi". Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ni hivyohivyo. Kinachogawanyika ni kipimo, sarafu inabaki nzima. Supamaketi inayoandika 4,990 kwenye rafu imejifungia mlango huo kwa mikono yake, kisha inamwachia keshia aeleze shilingi kumi ziko wapi.

Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, wana mzigo mzito zaidi. Mteja analipa kwa dola, anarudishiwa faranga kwa kiwango cha siku, na noti ya dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha inakataliwa. Keshia wa huko anafanya kuzidisha kabla ya kutoa, na kila kizazi kimeijua kazi hiyo.

Lipa namba, yaani kulipa dukani kwa simu, imeondoa chenji lakini haikuondoa kusubiri. Meseji ya malipo mara nyingi inaingia kwenye simu ya mwenye duka, naye yuko nyumbani. Kijana wa kaunta anapiga simu, "bosi, imeingia elfu saba mia tatu hamsini?", na foleni inaangalia dari. Hawezi kuamini meseji anayoonyeshwa na mteja, kwa kuwa za kughushi zipo. Wazee wanaoshikilia keshi huitwa washamba, lakini wanakumbuka Julai 2021 tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 ilipowekwa kwenye miamala ya simu. Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huohuo, na hata baadaye ilipozidi kulegezwa baadhi yao walikuwa wamesharudi kwenye noti. Duka linalotaka lipa namba ifanye kazi liweke laini hiyo kwenye simu inayokaa kaunta, isiyoweza kutoa hela, inayosoma meseji tu. Mteja naye asome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwa duka lililoajiri watu, marekebisho ya kwanza hayahitaji mashine mpya. Mwenye duka atenge shilingi elfu moja kwa siku kwa kila kaunta, kwenye kopo lililo nje ya droo, na amwambie keshia kuwa hiyo ni ya hamsini zinazokosekana: ishirini za kumwongezea mteja, zisihesabiwe kama shoti. Inayobaki jioni inabaki kwenye kopo. Inayoongezwa na wateja wanaosema "acha tu" nayo iingie humo, isiende mfukoni kwa mtu. Baada ya wiki mbili aangalie mambo mawili: kopo limebakiwa na nini, na boksi la pipi limepungua kiasi gani.